Maswali ya Wasomaji: Brooklyn na Parokia Zake

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wasomaji wenye ndugu jijini New York, hasa wilaya ya Brooklyn. Tumechagua zinazohusu parokia na shule za Kikatoliki za huko.

Tumsifu Yesu Kristo. Binti yangu anaishi Brooklyn na anasema askofu wake si yule wa New York. Anakaa jiji hilohilo lenye Kanisa Kuu la St. Patrick, inakuwaje awe jimbo jingine?
*Mama wa Morogoro*

Milele amina, mama. Binti yako yuko sahihi. Jiji la New York lina wilaya tano, ila kwa upande wa Kanisa limegawanyika mara mbili. Manhattan, Bronx na Staten Island ziko chini ya Jimbo Kuu la New York. Brooklyn na Queens zina jimbo lao, Jimbo la Brooklyn.

Chanzo chake ni kwamba Brooklyn ilikuwa jiji linalojitegemea, lenye meya wake, hadi tarehe 1 Januari 1898 ilipounganishwa na New York. Papa Pius IX alikuwa ameshaanzisha jimbo hilo tarehe 29 Julai 1853, na wakati huo lilichukua kisiwa chote cha Long Island. Mwaka 1957 sehemu za mashariki, Nassau na Suffolk, zilikatwa zikawa Jimbo la Rockville Centre. Kilichobaki ni mji tu, bila kijiji wala shamba, jambo lisilo la kawaida kwa majimbo ya Marekani.

Parokia ya kwanza ni ya zamani kuliko jimbo. Januari 1822 mlei mmoja Mwairishi, Peter Turner, aliwaandikia Wakatoliki wenzake wa Brooklyn akiwahimiza wajenge kanisa lao. Kabla ya hapo walikuwa wakivuka mto kwa kivuko kwenda kusali Manhattan. Watu wazima 70 hivi walijitokeza kuwa wako tayari kuchangia, kiwanja kikanunuliwa Mtaa wa Jay, na tarehe 28 Agosti 1823 Askofu John Connolly alilitabaruku kanisa la St. James, yaani Mtakatifu Yakobo. Angalia mpangilio wa mambo: walei walianza, padre akafuata. Utaukuta tena na tena katika parokia za Brooklyn.

Nilipomtembelea kaka yangu mtaa wa Greenpoint niliona makanisa ya Kikatoliki yamebanana, mengine hayapishani hata dakika kumi za mguu. Kwetu kigango kimoja kinatembelewa na watu wa vijiji vitatu. Walikuwa na waumini wengi kiasi hicho?
*Katekista, Rombo*

Waumini walikuwa wengi, ndiyo, lakini wingi hauelezi msongamano huo. Unaelezwa na lugha. Karne ya 19 Brooklyn ilipokea Waairishi, Wajerumani, Wapolandi, Waitaliano, Walithuania na wengine, na kila watu walitaka kuungama na kusikia mahubiri kwa lugha yao. Misa yenyewe ilikuwa ya Kilatini kwa wote, kwa hiyo ugomvi haukuwa juu ya Misa. Ulikuwa juu ya kitubio, mahubiri, katekisimu ya watoto na mazishi.

Basi kukawa na parokia za aina mbili juu ya ardhi moja. Parokia ya eneo ilikuwa na mipaka ya mitaa, na kwa kawaida ilishikwa na Waairishi waliokwisha kuzungumza Kiingereza. Parokia ya taifa haikuwa na mipaka ya namna hiyo: Mjerumani aliyekaa mbali alihesabiwa huko hata kama kanisa la Waairishi liko mlangoni pake. Wajerumani wa Williamsburg walipata Most Holy Trinity mwaka 1841 kupitia Padre John Raffeiner, mzaliwa wa Tirol. Wapolandi walikuwa na St. Casimir tangu 1875, na Greenpoint ikapata St. Stanislaus Kostka mwaka 1896. Kardinali Karol Wojtyła alifika St. Stanislaus mwaka 1969, miaka tisa kabla ya kuwa Papa Yohane Paulo II.

Waitaliano walichelewa kupata chao. Mara nyingi paroko Mwairishi aliwaruhusu kusali katika kanisa la chini, yaani kwenye orofa ya ardhini, huku wenyeji wakisali juu. Jambo hilo liliwauma, na lilichochea ujenzi wa makanisa yao. Kule Williamsburg parokia ya Our Lady of Mount Carmel ilianzishwa 1887, na tangu 1903 watu wenye asili ya mji wa Nola hubeba mabegani mnara wa giglio kila Julai: urefu wa mita 24 hivi, uzito wa tani nne hivi, wabebaji zaidi ya 100 wakifuata amri ya kiongozi mmoja, bendi ya muziki ikiwa imekaa juu ya mnara huohuo.

Sheria ya Kanisa ya 1917 ilizuia kuanzisha parokia mpya za taifa bila kibali cha Roma, na watoto wa wahamiaji wakazidi kuzungumza Kiingereza. Ndipo makanisa mawili jirani yakaanza kuonekana mzigo, na mengi yakaunganishwa. Ukiona jina lenye watakatifu wawili, kama St. Anthony–St. Alphonsus pale Greenpoint, ujue ni parokia mbili zilizounganishwa: ya kwanza ya Waairishi, ya pili ya Wajerumani. Msomaji anayetafuta habari za ukoo wake asiulize tu “walikaa mtaa gani?” Aulize pia “walikuwa watu gani?”

Nimesoma kwamba Brooklyn ilianza kujenga kanisa kuu kubwa mno likaishia njiani. Ni kweli?
*Mwanafunzi, Nairobi*

Ni kweli. Askofu wa kwanza, John Loughlin, alinunua kiwanja cha mtaa mzima eneo la Fort Greene mwaka 1860, na jiwe la msingi likawekwa 1868. Mchoraji alikuwa Patrick Keely, Mwairishi wa Tipperary aliyechora mamia ya makanisa Marekani. Kuta zilipanda mita tatu hivi, kisha kazi ikasimama. Kikanisa cha pembeni na nyumba ya askofu vilikamilika. Kanisa lenyewe halikukamilika. Fedha za Loughlin zilikuwa zikienda kwenye parokia mpya, shule na nyumba za yatima, na alipofariki Desemba 1891 kuta zilikuwa bado fupi vilevile.

Zilibomolewa mwaka 1931, na mahali pake ikajengwa sekondari inayoitwa kwa jina lake, Bishop Loughlin Memorial, ambayo ingali inafundisha. Kwetu sisi huo ni ukumbusho unaomfaa kuliko kanisa kuu lolote. St. James, kanisa la akina Turner, liliendelea kushika nafasi ya kanisa kuu. Kwa kuwa ni dogo kwa ibada za jimbo zima, mwaka 2013 St. Joseph iliyoko Prospect Heights ilifanywa kanisa kuu la pili.

Shule za parokia za huko zilikuwa karibu bure kwa miaka mingi, na sasa zinafungwa kila mwaka. Hapo awali nani alikuwa analipa, na kwa nini mfumo ulivunjika?
*Mwalimu mkuu mstaafu, Mwanza*

Mwalimu, jibu la kwanza ni masista. La pili ni sadaka ya Jumapili. Lakini tuanze na kwa nini shule zenyewe zilikuwepo.

Miaka ya 1840 Brooklyn ilikuwa bado sehemu ya jimbo la New York chini ya Askofu John Hughes. Shule za umma za wakati ule zilisomesha Biblia ya Kiprotestanti na vitabu vilivyowadharau Wakatoliki. Hughes alidai shule za Kikatoliki zipewe fungu katika fedha za umma. Sheria ya mwaka 1842 ilimkatalia: hakuna fedha kwa shule inayofundisha dini ya dhehebu lolote. Akageukia kujenga za kwake. Katiba ya Jimbo la New York (la kiserikali, si la Kanisa) ya 1894 ikakaza zaidi, ikakataza fedha za umma kusaidia shule za madhehebu. Kati ya hapo, mwaka 1884, maaskofu wa Marekani walikutana Baltimore wakaagiza kila parokia isiyo na shule iwe imejenga ndani ya miaka miwili. Maparoko wengi wa Brooklyn walijenga shule ya matofali kwanza, Misa ikisaliwa ukumbini humo, na kanisa likaja baadaye.

Walimu walitoka mashirikani. Masista wanne Wadominika wa Regensburg, Bavaria, walifika 1853 wakiwa njiani kwenda Pennsylvania. Aliyetakiwa kuwapokea bandarini hakutokea, na Padre Raffeiner akawachukua kwenye parokia yake ya Wajerumani pale Williamsburg. Masista wa Huruma walikuja 1855. Masista wa Mtakatifu Yosefu walikuja 1856 kutoka Philadelphia, wakawa miongoni mwa mashirika makubwa ya ualimu jimboni. Kwa wavulana, mabruda Wafransisko wa Roundstone, Ireland, walifika 1858, na mwaka uliofuata wakafungua St. Francis Academy.

Sasa hesabu yenyewe. Sista hakulipwa mshahara wa mwalimu. Parokia ililipa shirika lake posho ndogo na kumpa nyumba ya utawa jirani na shule. Darasa la watoto 60 halikuwa ajabu hata miaka ya 1950. Kwa hiyo gharama ya mtoto mmoja ilikuwa chini sana: makaa ya mawe ya kupashia jengo joto, chaki, vitabu, matengenezo. Hiyo sadaka ya Jumapili iliiweza, pamoja na harambee za soko la parokia na, baadaye, jioni za bingo. Wazazi wengi hawakutozwa karo, au walitoa kidogo.

Mfumo uliegemea nguzo mbili, kazi isiyolipwa na kanisa lililojaa, na zote mbili zilitikisika kwa wakati mmoja. Mwaka 1965 Marekani nzima ilikuwa na masista wapatao 180,000 na watoto zaidi ya milioni 5 katika shule za Kikatoliki. Baada ya hapo wito ulipungua na masista wengi wakaacha utawa. Nafasi zao zilishikwa na walimu walei, ambao kwa haki kabisa walihitaji mshahara, bima na pensheni. Karo ikaanza, ikapanda. Miaka hiyohiyo familia za Waairishi, Wajerumani na Waitaliano zilihamia vitongoji vya Long Island. Waliokuja mahali pao, wengi kutoka visiwa vya Karibi, Puerto Rico na kusini mwa Marekani, walikuwa na kipato kidogo, na wengi hawakuwa Wakatoliki. Waliipenda shule ila hawakuwa kanisani Jumapili, kwa hiyo sadaka haikupanda na idadi ya watoto.

Na majengo yalikuwa yamezeeka. Tunavyoona sisi, hili halitajwi vya kutosha. Jengo la mwaka 1910 lina boila ya kale, paa la zege na lami, madirisha makubwa yanayopitisha baridi. Boila ikifa Januari, parokia inadaiwa kwa mkupuo fedha ambazo ingezikusanya kwa miaka. Shule yenye watoto 400 hubeba pigo hilo. Yenye watoto 150 hufungwa Juni. Hata sekondari zenye jina zilianguka: Brooklyn Prep ya Wajesuiti, iliyoanza 1908, ilifungwa 1972, na majengo yake yakawa ya Chuo cha Medgar Evers. Bishop Ford ilifungwa 2014, Bishop Kearney 2019.

Jimbo lilijibu kwa kuzitoa shule za msingi mikononi mwa paroko peke yake na kuzifanya akademia zenye ngazi mbili: juu askofu na wawakilishi wake wakilinda imani na mali, chini bodi ya walei ikishika bajeti, karo na ajira. Faida yake ni kwamba hesabu zinaangaliwa na watu wenye ujuzi wa fedha. Hasara yake ni kwamba waumini huanza kuiona shule si yao tena, na ile sadaka ya Jumapili hupungua zaidi.

Wakatoliki weusi wa Brooklyn walikuwa na parokia yao?
*Msomaji, Bukoba*

Ndiyo, St. Peter Claver, eneo la Bedford-Stuyvesant. Padre Bernard Quinn, mtoto wa wahamiaji Waairishi, alimwomba Askofu Charles McDonnell ruhusa ya kuwahudumia Wakatoliki weusi, ambao katika parokia nyingi walisukumwa viti vya nyuma au kuombwa waende kwingine. Vita Kuu ya Kwanza ilimchelewesha, alikwenda Ufaransa kuwa padre wa wanajeshi. Aliporudi, walinunua jengo lililowahi kuwa kanisa la Kiprotestanti, na likatabarukiwa tarehe 26 Februari 1922.

Mwaka 1928 Quinn alifungua nyumba ya yatima weusi Wading River, mashariki mwa Long Island. Ilichomwa moto mwaka huohuo. Wakajenga tena, ikachomwa tena, na lawama ikawaangukia Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi. Mara ya tatu alijenga kwa zege na matofali, nayo ikasimama. Alifariki 1940, na mchakato wa kumtangaza mwenye heri umefunguliwa. Kanisa la St. Peter Claver leo limo ndani ya parokia iliyounganishwa ya St. Martin de Porres.

Mwanangu alibatizwa Brooklyn mwaka 1994 tukiwa kule masomoni. Anataka kufunga ndoa hapa Arusha, paroko anadai cheti “kipya”. Cha zamani ninacho, kimetunzwa vizuri. Nasikia na parokia yenyewe imefungwa. Nianzie wapi?
*Baba wa Arusha*

Pole, baba, lakini paroko wako yuko sawa. Cheti kwa ajili ya ndoa kinatakiwa kiwe kimetolewa ndani ya miezi sita. Anachokitafuta ni ile safu ya maelezo ya pembeni: kipaimara, ndoa ya awali, upadre au nadhiri. Cheti cha 1994 hakiwezi kusema lolote juu ya yaliyotokea baada ya 1994. Sisitiza katika barua kwamba unataka cheti chenye maelezo yote ya pembeni, hata kama ni kuandika “hakuna”. Wengi husahau neno hilo, hupokea nakala ya kawaida, na kuanza upya.

Parokia ikifungwa vitabu vyake havipotei. Huhamia parokia iliyoipokea au nyingine iliyokabidhiwa. Andikia ofisi ya jimbo kwanza, taja jina la parokia ya zamani na mtaa iliyokuwepo, watakuelekeza kilipo kitabu. Kisha mwandikie katibu wa parokia hiyo. Weka jina kamili lilivyoandikwa kwenye cheti cha zamani, tarehe ya kuzaliwa na ya ubatizo, majina ya wazazi pamoja na jina la mama kabla ya kuolewa. Ambatanisha picha ya cheti hicho na kitambulisho cha mwanao. Awe yeye mwenyewe mwombaji, kwa kuwa rekodi za watu walio hai hutolewa kwa mwenyewe. Tenga miezi mitatu. Ndoa ikishafungwa, kumbusha parokia yenu ipeleke taarifa Brooklyn ili iandikwe kwenye kitabu kilekile.

Mume wangu ni Mmarekani, babu zake walikuwa Wapolandi na Waairishi wa Brooklyn. Tunatafuta rekodi zao za miaka ya 1880 hadi 1910 na parokia mbili zimetujibu “hayumo”.
*Dada wa Zanzibar, sasa Maryland*

Dada, “hayumo” mara nyingi maana yake ni kwamba katibu alitafuta jina lilivyoandikwa kwenye barua yenu. Vitabu vya enzi hizo ni vya Kilatini. James ni Jacobus, William ni Gulielmus, Nora ni Honora. Mpoland Wojciech aliandikwa Adalbertus, na watoto wake wakamwita Albert. Pelekeni majina yote matatu.

Tarehe nazo zina mtego. Mapadre walifupisha miezi kwa hesabu ya Kirumi: 7bris ni Septemba, 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba, na Xbris ni Desemba. Anayesoma X kama mwezi wa kumi anakosea kwa miezi miwili.

Tafuteni kwanza anwani. Sensa ya taifa ya 1890 iliungua, lakini sensa ya Jimbo la New York ya 1892 ya Brooklyn ipo, na za 1905 na 1915 pia. Hifadhi ya nyaraka ya jiji imeweka mtandaoni bila malipo vyeti vya kuzaliwa hadi 1909, na vya ndoa na vifo hadi miaka ya 1940. Kumbukeni kwamba kabla ya 1898 vyeti vya Brooklyn vina mfululizo wake, msivitafute chini ya Manhattan. Cheti cha ndoa kina jina la aliyefungisha. Ukijua padre huyo alikuwa parokia gani, umeshapata kitabu.

Halafu linganisheni mwaka wa parokia. Mpoland wa Greenpoint aliyezaliwa 1890 hawezi kuwa St. Stanislaus, maana haikuwapo, mtafuteni St. Casimir, au hata parokia ya Wajerumani, kwa kuwa wengi walitoka Polandi iliyotawaliwa na Prussia na Kijerumani walikijua. Katibu mpeni kipindi cha miaka minne tu, si thelathini, na sadaka ya kazi yake. Mkipata ukurasa, ombeni na pembeni yake. Tangu Pasaka ya 1908, kwa agizo la Ne Temere, ndoa ilitakiwa kuandikwa kwenye kitabu cha ubatizo, kwa hiyo mtoto wa 1890 aliyeoa 1912 huko Chicago anaweza kuwa ameandikiwa jina la mke na la parokia ya Chicago mstari huohuo.

Kanisa likishatabarukiwa linawezaje kuuzwa likawa nyumba za kupanga?
*Mjumbe wa halmashauri ya walei, Mombasa*

Kwa hatua mbili tofauti. Kufuta parokia ni jambo moja: askofu lazima asikilize baraza la mapadre kwanza. Kuliondolea jengo hadhi ya kanisa ni jambo jingine: panahitajika sababu nzito, baraza lisikilizwe tena, na matumizi mapya yasiwe ya aibu. Altare haipotezi wakfu wake kwa sababu jengo limeuzwa, hivyo huondolewa au huvunjwa, na masalia ya watakatifu hutolewa. Kengele, madirisha ya vioo vya rangi na vituo vya Njia ya Msalaba hupelekwa parokia nyingine.

Upande wa serikali, tangu 1863 kila parokia ya New York ni shirika kisheria lenye wadhamini watano: askofu, makamu wake, paroko na walei wawili. Kiwanja ni mali ya shirika hilo, na kuuza kunahitaji idhini ya mahakama au ya mwanasheria mkuu wa jimbo. Hao walei wawili wana kura, na waumini wanaotaka kusikilizwa waanzie kwao mapema, kabla mkataba haujaandikwa. Williamsburg, kanisa la zamani la St. Vincent de Paul leo ni makazi ya kupanga.

Je, kuna uhusiano wowote kati ya Brooklyn na Kanisa la Tanzania?
*Msomaji, Tarime*

Upo, na uko karibu nawe. Yule Ford wa sekondari iliyofungwa 2014 ni Francis Xavier Ford, mzaliwa wa Brooklyn wa mwaka 1892 na mwanafunzi wa kwanza kuomba kujiunga na Maryknoll, shirika la wamisionari lililoanzishwa 1911. Alikwenda China, akawa askofu wa Kaying, akafia gerezani Canton mwaka 1952. Miaka sita kabla ya kifo chake, 1946, mapadre wa shirika lake walifika Musoma, na baadaye wakafungua shule ya Kiswahili pale Makoko, ambako wamisionari wengi wa kigeni walijifunza lugha hii.